Shanga Nane za Bakin: Japani na Hadithi Zisizokwisha Upesi

Mwaka 1841, katika mji wa Edo ambao leo ndio Tokyo, mzee mmoja wa miaka sabini na ushei alikuwa akisimulia na mkwewe akiandika. Mzee huyo ni Kyokutei Bakin, mtunzi aliyekwisha kupofuka macho yote mawili. Mkwewe ni Michi, mjane wa mwanawe. Walikuwa wakimalizia Nanso Satomi Hakkenden, hadithi ambayo Bakin alianza kuichapisha mwaka 1814. Michi hakuwa amesoma sana, na Bakin alipenda maneno magumu yenye asili ya Kichina. Ilimlazimu amfundishe herufi hukohuko ndani ya kazi, moja baada ya nyingine, kwa mdomo tu, kwa kuwa Bakin hakuweza kuona Michi alichokiandika. Mwaka 1842 juzuu za mwisho zikatoka. Miaka 28 ilikuwa imepita. Waliosoma sehemu ya kwanza wakiwa watoto walikuwa sasa watu wazima wenye watoto wao.

Ninaanza na Bakin kwa sababu manga, zile hadithi za picha za Kijapani zinazosomwa leo kila kona ya dunia, huelezwa mara nyingi kana kwamba zilizuka ghafla baada ya Vita Kuu ya Pili. Michoro yake ya kisasa ni ya wakati huo, ndiyo. Lakini namna ya kuzisoma, ya kupewa kipande leo na kukingoja kingine, ina mizizi mirefu zaidi, na mizizi hiyo imo katika biashara kama ilivyo katika sanaa.

Tuitazame hadithi yenyewe. Binti Fuse, mwana wa ukoo wa Satomi, anavaa tasbihi shingoni. Siku ya kifo chake shanga nane kubwa za tasbihi ile zinaruka angani na kutawanyika, kila moja ikiwa na herufi ya sifa moja njema: utu, haki, adabu, hekima na nyinginezo. Kisha wanazaliwa vijana wanane, huku na huko, kila mmoja na ushanga wake, wala hawajuani. Ni lazima wakutane. Hila iko hapo. Tangu mwanzo msomaji ameshaambiwa kwamba idadi ni nane, kwa hiyo anahesabu. Akimpata wa tatu, moyo wake uko kwa wa nne. Bakin angeweza kumzungusha mabonde na milima, katika mapigano juu ya mapaa na visa vya wachawi, na bado msomaji asingebanduka, kwa kuwa hesabu haijatimia.

Wengi wa wasomaji hao hawakununua vitabu. Bei ilikuwa kubwa. Walikodi kutoka kwa wachuuzi waliobeba mafurushi ya vitabu mgongoni wakipita nyumba kwa nyumba. Mwaka 1808 mji wa Edo pekee ulikuwa na wakodishaji zaidi ya 600. Kwa mkodishaji, hadithi iliyokatwa vipande vingi ni neema, maana kila kipande kinakodiwa peke yake, na mteja aliyeachwa njia panda atamwita tena yeye mwenyewe. Kwa maoni yangu, huyu mchuuzi anastahili nafasi katika historia ya taharuki karibu na mtunzi mwenyewe.

Zama za magazeti zilipofika, mtindo huo ukahamia humo. Natsume Soseki, mwandishi anayeheshimiwa kuliko karibu wote wa Japani ya kisasa, aliajiriwa na gazeti la Asahi mwaka 1907, na riwaya zake kubwa za baada ya hapo zilitoka kwanza humo, siku baada ya siku.

Watoto nao walikuwa na mtunzi wao wa barabarani. Katika miaka ya 1930, wakati uchumi ulipoporomoka na watu wengi kukosa kazi, wasimulizi wa kamishibai, yaani hadithi za kadi za picha, walijaa mitaani. Msimulizi alikuja na baiskeli iliyofungwa kisanduku cha mbao nyuma. Aligonga vijiti viwili, watoto wakakusanyika, kwanza akawauzia peremende, kisha akafungua kisanduku na kuanza kuvuta kadi za picha moja baada ya moja huku akibadili sauti. Onyesho lilikuwa bure. Fedha ilitoka kwenye peremende, na walionunua walikaa mbele. Ndiyo maana kisa hakikuisha siku hiyo. Shujaa aliachwa akining'inia, na kesho watoto wakarudi na sarafu nyingine. Mmoja wa mashujaa hao, Ogon Bat, mwenye uso wa fuvu la dhahabu na joho linalopepea, alizaliwa ndani ya kisanduku hicho miaka kadhaa kabla Superman hajachapishwa Marekani.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, nchi ilikuwa majivu na karatasi ilikuwa adimu. Huko Osaka wachapishaji wadogo walitoa vitabu vya bei ya chini kabisa, vyenye majalada ya rangi nyekundu kali, wakiviuza pamoja na vitu vya watoto. Katika soko hilo, mwaka 1947, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Osamu Tezuka alitoa Shin Takarajima akishirikiana na Shichima Sakai. Kurasa za kwanza zina gari linalokimbia barabarani, likichorwa kutoka pembe moja na kisha nyingine, kama sinema. Watoto walioishika baadaye walikuja kuwa wachoraji, na wengi wao walisimulia walivyohisi kwamba picha zile zinatembea.

Wakodishaji wa vitabu nao wakarudi, sasa wakiwa na vibanda mitaani. Wateja wao walikuwa vijana wa viwandani ambao mambo ya kitoto hayakuwatosha. Kwa ajili yao Yoshihiro Tatsumi na wenzake wakachora visa vya giza: mauaji, mitaa ya usiku, watu waliobanwa na maisha. Kutoka kundi hilo alitoka Takao Saito, ambaye mwaka 1968 alianzisha Golgo 13, mkasa wa muuaji wa kukodiwa asiyezungumza sana. Saito aligawa kazi katika studio yake kama inavyogawanywa kwenye filamu, huyu silaha, yule majengo, mwingine hadithi. Alifariki mwaka 2021, na kwa matakwa yake studio ikaendelea na mkasa.

Mwaka huohuo wa 1968 lilizaliwa jarida lililobadili kila kitu. Kampuni za Kodansha na Shogakukan zilikuwa na majarida yao ya manga ya kila wiki tangu 1959, na wachoraji wenye majina walikuwa tayari mikononi mwao. Kampuni ya Shueisha ilipoanzisha jarida hilo, Shonen Jump, ikiwa na nakala 105,000 tu za toleo la kwanza, haikuwa na budi ila kuchukua vijana wasiojulikana. Ikawafunga kwa mikataba ya kutochorea wengine. Kisha ikaweka hatima yao mikononi mwa wasomaji.

Ukilishika jarida lenyewe, unaona kwanza uzito: kurasa zaidi ya mia nne za karatasi iliyosindikwa upya, nyepesi, ya kukwaruza, yenye rangi hafifu ya waridi au kijani, wino ukiacha alama vidoleni. Si kitu cha kuhifadhiwa. Watu walilisoma kwenye treni na kuliacha. Ndani yake hadithi takribani ishirini, kila moja na kurasa zipatazo kumi na tisa, na pamoja nazo kadi ya posta. Msomaji anaandika hadithi tatu zilizompendeza zaidi na kuituma. Wahariri wanahesabu. Hadithi inayobaki mkiani wiki baada ya wiki inakatwa, hata kama ina miezi michache tu, hata kama mchoraji alikuwa na safari ya miaka kumi kichwani. Ni utaratibu katili, na sitaki kuupaka rangi. Umeua hadithi nzuri zilizohitaji muda wa kukomaa. Lakini ndio uliofundisha kizazi kizima cha wachoraji kwamba hakuna sehemu ya kupoteza.

Akira Toriyama aliujua ukatili huo kabla hata ya kufika kwenye kadi. Mhariri wake, Kazuhiko Torishima, alimkatalia takribani kurasa 500 kabla ya kumpa nafasi. Dragon Ball ilipoanza mwaka 1984, ikitumia mifupa ya ngano ya Kichina ya mfalme wa nyani, haikushika moto moja kwa moja. Kura zilikuwa zikilegea. Mhariri na mchoraji wakakaa, wakaona kwamba shujaa wao Goku hakuwa na anachokitaka hasa. Wakampa kimoja: kuwa na nguvu zaidi. Wakampeleka kwa mwalimu mzee afunzwe pamoja na mpinzani wa rika lake, kisha wakaanzisha mashindano ya kupigana. Kura zikapanda, na mashindano yakawa kiungo ambacho mamia ya manga yaliyofuata hayakuweza kupikwa bila hicho. Wasomaji waliokuwa wakijaza kadi nyumbani walikuwa wamegeuza mkondo wa hadithi.

Na zile duara saba zinazotafutwa na Goku na wenzake? Toriyama alieleza kwamba wazo lilitoka kwenye shanga za Hakkenden. Akazifanya saba ili asifanane mno na Bakin. Zinatawanyika duniani, msomaji anahesabu, na zikitimia zinatawanyika tena.

Lipo jambo jingine la kiufundi ambalo msomaji wetu anayeperuzi kwenye simu huenda asilihisi. Kitabu cha Kijapani husomwa kuanzia kulia, na jicho huishia chini ya ukurasa wa kushoto, palepale kidole kinapojiandaa kufunua. Mchoraji stadi huweka hapo uso ulioshtuka, au mlango unaofunguka, au neno moja tu. Kinachotisha kiko upande wa pili. Mkono wa msomaji mwenyewe ndio unaoufungua mlango. Death Note, mkasa wa Tsugumi Ohba na Takeshi Obata uliotoka Jump kuanzia 2003 hadi 2006, hauna ngumi wala mashindano. Ni kijana, daftari linaloua kila anayeandikwa jina lake, na mpelelezi anayemsaka. Sehemu kubwa ni watu wawili wakifikiri. Lakini fungua kurasa zake uone jinsi kila wazo linavyokatwa sawasawa na ukingo wa karatasi. Iliishia juzuu 12, na ninawaheshimu waliojua kuacha.

Kilele cha Jump kilikuwa mwisho wa 1994: nakala milioni 6.53 za toleo moja. Dragon Ball ikaisha 1995, na mauzo yakaanza kushuka. Mwaka 1997 Eiichiro Oda akaanza One Piece, kisa cha mvulana anayetaka kuwa mfalme wa maharamia, na hadi 2022 nakala zake zilizochapishwa zilipita milioni 500. Januari 2019 Shueisha ilifungua huduma ya MANGA Plus kwenye intaneti, na kwa mara ya kwanza msomaji wa Mombasa, Mwanza au Bujumbura aliweza kupata sura mpya kihalali siku ileile inayotoka Tokyo. Ni kwa Kiingereza na lugha nyingine chache, si kwa Kiswahili. Lakini subira yenyewe si ngeni kwetu. Aliyekulia kwenye hadithi za mfululizo za magazeti yetu, akifungua ukurasa wa kati kabla ya habari, hahitaji kufundishwa.

Subira hiyo ina gharama kwa anayechora. Yoshihiro Togashi wa Hunter x Hunter ameacha na kurudi mara nyingi kwa maumivu ya mgongo. Kentaro Miura alianza Berserk mwaka 1989, hadithi ya shujaa mwenye upanga mkubwa kuliko mwili wake, iliyochorwa kwa mistari mingi kiasi kwamba ukurasa mmoja unaweza kukukalisha dakika nzima. Alifariki Mei 2021, akiwa na miaka 54, kabla ya kuimaliza.

Mwaka mmoja baadaye jarida la Young Animal lilitangaza kwamba hadithi itaendelea. Karibu miaka thelathini nyuma Miura alikuwa amemsimulia rafiki yake wa tangu shule, mchoraji Koji Mori, kisa chote hadi mwisho. Mori alikubali kusimamia kwa sharti moja: ataandika tu yale Miura aliyomwambia, bila kuongeza kisa cha kwake, hata kama mashimo yatabaki. Wasaidizi wa studio ya marehemu wakashika kalamu. Juzuu ya 42, ya kwanza kuchorwa bila mkono wake, ilitoka mwaka 2023.