Usiku katika michezo ya mkakati wa vita

Usiku katika michezo ya mkakati wa vita ni jumla ya kanuni na hesabu zinazotumika kuiga mapigano ya gizani, yaani umbali ambao askari anaona, anasikia na kumtambua aliye mbele yake. Kanuni hizo zipo katika michezo ya ubao na ya kompyuta. Kwa Afrika Mashariki, kipimo kizuri cha uhalisi wake ni Vita vya Kagera (1978–1979) kati ya Tanzania na Uganda, hasa mapigano ya Mutukula, Masaka, Mbarara na Lukaya, kwa kuwa tarehe zake zinajulikana na hali ya mwezi ya kila usiku inaweza kuhesabiwa.

Historia

Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwasilisha mchezo wa vita uitwao Kriegsspiel, ambamo mwamuzi alimweleza kila mchezaji yale tu ambayo vikosi vyake vingeweza kuyaona. Kompyuta ilipochukua kazi ya mwamuzi, sehemu ya ramani isiyoonekana ilifunikwa kwa kile kinachoitwa ukungu wa vita. Mchezo wa Empire wa Walter Bright (1977) ni kati ya michezo ya kwanza kufanya hivyo.

Kanuni za usiku zenyewe zilikomaa kwenye ubao. Advanced Squad Leader (1985) unatenga sehemu nzima kwa ajili ya giza: umbali wa kuona huamuliwa kwa dadu kabla ya pambano, nao hubadilika mawingu yanapotanda au kufunguka. Kikosi kinachofyatua risasi hujifichua kwa mmweko wa bunduki, na makombora ya mwanga humulika eneo kwa muda. Steel Panthers (1995) ulirahisisha mambo kwa kuweka namba moja ya umbali wa kuona kwa pambano lote. Katika Warcraft III (2002) saa ya mchezo hupita kutoka mchana hadi usiku, na vikosi vingi hupungukiwa uwezo wa kuona jua likizama.

Mwanga

Mwezi mpevu ukiwa juu angani hutoa kiasi cha luksi 0.1 hadi 0.3. Nyota peke yake hutoa karibu luksi 0.001, na mawingu mazito hupunguza hata hiyo. Kosa la kawaida la watunzi ni kudhani kwamba nusu mwezi hutoa nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Kwa kweli hutoa karibu sehemu moja ya kumi tu, kwa sababu uso wa mwezi umejaa vivuli jua linapoupiga kwa pembeni.

Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mmweko mmoja mkali huirudisha kazi hiyo mwanzo. Mchezo usiohesabu jambo hili humpa mfyatuaji faida asiyostahili: anapiga, anabaki anaona vilevile kama kabla ya kupiga.

Latitudo nayo ina uzito. Michezo mingi imetungwa kwa vita vya Ulaya, ambako usiku wa Juni ni mfupi na machweo hukawia. Mbarara iko karibu digrii 0.6 kusini mwa ikweta. Usiku wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, na jua likizama, dakika 45 hazipiti kabla giza halijashika. Kamanda wa huko hana jioni ndefu ya kupanga vikosi. Asiye tayari saa 1 ya usiku amekwisha kuchelewa.

Vita vya Kagera kama kipimo

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilivuka mpaka na kuuteka mji wa Mutukula tarehe 21–22 Januari 1979. Mwezi ulikuwa katika robo ya mwisho, hivyo sehemu ya kwanza ya usiku ilikuwa giza tupu na mwezi ukachomoza baada ya usiku wa manane. Mchezo unaotumia namba moja ya kuona kwa usiku kucha hauwezi kuonyesha tofauti hiyo.

Masaka ilianguka tarehe 24 Februari na Mbarara tarehe 25 Februari. Mwezi mwandamo ulikuwa tarehe 26, siku ambayo jua lilipatwa kabisa kule Amerika Kaskazini. Kwa hiyo Silas Mayunga, aliyeongoza safu ya Mbarara, alisogeza askari wake kutoka kusini katika siku ambazo usiku karibu haukuwa na mbalamwezi. Nchi yenyewe ni ya vilima na mabonde ya nyasi, ambayo mchana humfichua mtu kutoka mbali. Katika mchezo, ardhi ya namna hiyo inapaswa kumpendelea mlinzi mchana na mvamizi usiku. Baada ya kutekwa, Mbarara na Masaka zilibomolewa kwa baruti kulipiza uharibifu ambao jeshi la Uganda lilifanya Kagera, upande wa Tanzania.

Mfano ulio tajiri kuliko yote ni Lukaya, 10–11 Machi 1979. Jioni ya tarehe 10, Brigedi ya 201 ya JWTZ ilifyatuliwa maroketi na majeshi ya Uganda na mshirika wake Libya, ikatawanyika kwenye kinamasi kando ya barabara. Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali kaskazini-magharibi, iliamriwa kugeuka, na alfajiri ikashambulia kutoka ubavuni huku 201 iliyojipanga upya ikishambulia kutoka mbele. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu kupevuka, ukamulika sehemu kubwa ya usiku na kuzama kwenye saa 10 alfajiri. Kama anga lilikuwa wazi, usiku huo ulifaa kwa mwendo, na saa zake za mwisho zilifaa kwa maficho. Mwendo wa usiku kama huo wa Brigedi ya 208 huwashinda watunzi wengi, ambao hupunguza kasi ya vikosi usiku kwa kiwango kilekile bila kuuliza kama mwezi upo.

Vifaru vya T-55 vya Uganda vilitengenezwa vikiwa na taa ya infraredi iliyomwezesha mpigaji kuona hadi karibu mita 800. Hasara yake ni kwamba adui mwenye kifaa kama hicho huiona taa yenyewe. Mtambo wa maroketi wa BM-21, maarufu Uganda kwa jina la Saba Saba, una mitutu 40 na hupiga hadi kilomita 20 hivi, lakini usiku moto wake humtangaza mpigaji.

Sauti na utambuzi

Michezo mingi huunganisha kuona na kutambua: kikosi kikionekana, rangi yake hujulikana papo hapo. Katika Vita vya Kagera majeshi yote mawili yalitumia Kiswahili. Sauti iliyotoka gizani ikisema “Nani huyo?” haikutosha kumtenga rafiki na adui. Uigaji wa kweli huhitaji hatua tatu: kusikia kitu, kuona umbo, kisha kujua ni la nani, na huruhusu kikosi kupiga wenzake katikati ya hatua hizo.

Nakivale na hali ya sasa

Vita havimhusu askari peke yake, bali pia raia anayevikimbia. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, yako wilayani Isingiro, kati ya Mbarara na mpaka wa Tanzania. Wakazi wake hutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na wengi wao huwasiliana kwa Kiswahili. Mchezo unaojulikana zaidi uliotokana na maisha ya ukimbizi Uganda ni Salaam wa Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda na kutunukiwa katika The Game Awards mwaka 2018. Humo mchezaji si kamanda, ni mkimbizi anayevikimbia vita.