Mofini na Neno la Tabibu

Tangu zama za kale watu walituliza maumivu kwa kasumba. Yapata mwaka 1805 Friedrich Sertürner, kijana wa Kijerumani aliyekuwa msaidizi katika duka la dawa, alitenga kiini chake, akakiita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Hiyo ndiyo mofini. Baadaye aliijaribu mwilini mwake pamoja na vijana watatu. Nyuso ziligeuka nyekundu, vichwa vikauma, usingizi ukawalemea. Akatambua kuwa ni sumu, wakanywa siki kali ili watapike. Naye, kwa sifa yake, aliyaandika hayo yote mwaka 1817 bila kuficha.

Si wote waliomfuata katika ukweli huo. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer iliuza heroini kuwa dawa ya kikohozi isiyo na hatari ya uraibu. Kumbe iliwatia wengi utumwani.

Hata leo mgonjwa wa saratani apewapo mofini yampasa tabibu kumweleza mapema: kichefuchefu huja kikapungua, bali choo huendelea kufunga, hivyo hupewa pia dawa ya kukilainisha, na kipimo kikizidi, pumzi hudhoofika. Asiyeambiwa aweza kuogopa, akaiacha dawa, na maumivu yakamrudia usiku.