Taa za Mkahawa wa Hadhi: Mwanga Ushuke Mezani

Anayefungua mkahawa wa hadhi hapa Pwani mara nyingi humaliza pesa kwenye marumaru, viti na mlango wa kuchongwa, taa zikaachiwa senti zilizobaki. Fundi wa umeme atatumwa dukani, arudi na balbu nyeupe za bei nafuu, azipange darini safu kwa safu. Kwangu mimi huko ni kuutupa mtaji wote. Chini ya mwanga ule biriani huonekana ya jana, na mgeni hupata vivuli chini ya macho kama aliyekesha.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini. Balbu ile nyeupe huwa 6500. Ukumbi wa kulia chakula wataka 2700, karibu na balbu zetu za zamani za waya. Lakini tafuta pia maandishi CRI kwenye pakiti: ni kipimo cha namna mwanga unavyoonyesha rangi kwa uhalisi wake. Kikomo ni 100, na chakula kinastahili 90 kwenda juu. Nyingi za madukani ni 80, nazo huififisha nyekundu, na samaki wa kupaka bila wekundu wake sijui unamuuza vipi. Wati hazikwambii lolote katika haya. Zaeleza umeme unaoliwa tu.

Mwanga wenyewe ushuke mezani. Taa ya kuning'inia ikae kama sentimita 75 juu ya meza, balbu ikiwa imefichwa isimpige mtu machoni. Ukigonga kitambaa cheupe hurudi juu taratibu na kuulainisha uso. Njia za kupitia zatosheka na mwanga hafifu, ila ngazi zisiachwe gizani. Wako wabunifu wanaopenda giza kupita kiasi. Mzee akilazimika kuwasha simu ndipo asome menyu, hapo pana kasoro, hata pakiwa na zulia la Uajemi.

Kuta tunazo tayari. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, yale mashubaka ya chokaa kwenye vyumba vya ndani. Taa ndogo iliyofichwa ndani ya kidaka huutoa ukuta mzima bila kumsumbua mlaji. Kule Diani, Ali Barbour's imo ndani ya pango la matumbawe, na uzuri wake hasa ni taa ndogondogo na nyota zinazoonekana juu. Wangefunga mirija mieupe mle, pango lingekuwa ghala.

Weka swichi ya kupunguza mwanga ili baada ya Magharibi ukumbi utulie polepole. Hakikisha balbu za LED zimeandikwa kuwa zakubali swichi hiyo, la sivyo zitapepesa usiku kucha. Za baraza inayotazama bahari ziwe na alama ya IP65 na ganda la shaba nyeupe au plastiki ngumu, maana chumvi ya hewani hula chuma cha kawaida upesi.