Kupiga mbizi Mafia: mtu wa Turiani apange safari kuanzia siku ya kurudi

Anayetaka kutoka Turiani kwenda kupiga mbizi Kisiwa cha Mafia mara nyingi huanza kwa kuuliza nauli na bei ya chumba. Swali linalotakiwa kutangulia ni jingine: mbizi ya mwisho itakuwa saa ngapi, na baada ya hapo atapanda nini? Ndege, kivuko au mlima?

Jibu lake ndilo linaloamua ratiba nzima. Kosa la hapo halirekebishwi kwa kubadilisha tiketi. Linaweza kumlaza mtu hospitali.

Gesi iliyobaki mwilini

Juu ya maji, mwili unabeba uzito wa hewa ya kawaida. Kila mita 10 za kushuka baharini huongeza shinikizo lingine la kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mtu aliye mita 20 chini anabanwa mara 3 ya kawaida, na hewa anayovuta kutoka kwenye mtungi inakuja na shinikizo hilo hilo.

Sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni. Mwili hauitumii, ila unaihifadhi kwenye damu, mafuta na maungio. Akipanda taratibu, gesi inatoka kidogo kidogo kwa njia ya mapafu. Akipanda haraka inafanya kama soda iliyofunguliwa kwa pupa: mapovu. Yakikaa kwenye maungio ni maumivu, yakifika kwenye uti wa mgongo ni kufa ganzi au kupooza.

Ndiyo maana wapiga mbizi hupanda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, kisha husimama mita 5 chini kwa dakika 3 kabla ya kutoka. Hata hivyo gesi haiishi yote. Inayobaki huendelea kutoka kwa saa nyingi, na hapo ndipo ndege inapoleta shida, kwa sababu kupanda angani ni kama kuendelea kupanda kutoka chini ya bahari.

Mwongozo wa DAN, shirika la kimataifa la usalama wa wapiga mbizi, unasema aliyezama mara moja tu, bila kuvuka muda wa kina chake, asubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Aliyezama mara kadhaa, au siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18. Anayekwenda Mafia karibu wote wanaangukia kundi la pili.

Hesabu yake ni rahisi. Mbizi ya mwisho ikiisha Jumamosi saa 4 asubuhi, saa 18 zinatimia Jumapili saa 10 alfajiri, na ndege ya asubuhi inapandika. Ikiisha Jumamosi saa 9 alasiri, zinatimia Jumapili saa 3 asubuhi. Mwenye tiketi ya saa 2 asubuhi hapo ameshachelewa kabla hata hajafika uwanjani. Bora aache mbizi ya alasiri na akatembee Chole.

Na milima ya nyumbani je?

Hapa miongozo mingi ya safari za kupiga mbizi haimsaidii mtu wa Morogoro, kwani imeandikwa kwa mtu anayerudi mji wa pwani. Tahadhari ya ndege inahusu kimo cha kuanzia kama mita 600 kwenda juu. Morogoro mjini ni takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Turiani iko chini ya hapo. Kwa hiyo kurudi kwa gari mpaka nyumbani hakuvuki mstari huo.

Kupanda mlima ni habari nyingine. Milima ya Nguru, iliyo nyuma ya Turiani, inapita mita 2,000, na Uluguru inapita mita 2,600. Kijana aliyetoka Mafia jana yake, akakutana na wageni wanaotaka kupelekwa msituni Nguru au Lupanga, anafanya kitu kile kile cha kupanda ndege mapema. Aachie wengine, yeye asubiri siku nzima.

Njia ya kufika

Kutoka Turiani gari hupita barabara ya lami mpaka Magole, na kuingia barabara kuu ya Dodoma–Morogoro. Kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam, tangu Juni 2024 kuna treni ya SGR, safari ya chini ya saa 2. Mabasi nayo yapo kama zamani.

Dar kwenda Mafia kuna njia mbili. Ndege ndogo inatua Kilindoni chini ya saa moja, lakini mzigo mara nyingi mwisho kilo 15, na vifaa vya kuzamia vikilowa huwa vizito. Njia ya pili ni kwa gari kupitia Mbagala na Barabara ya Kilwa hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha kivuko au boti mpaka Kilindoni. Inachukua siku nzima na bahari ikichafuka inachosha kweli, ila ni nafuu kwa hela na iko usawa wa bahari mwanzo mpaka mwisho. Mwenye muda anaweza kwenda kwa ndege na kurudi kwa kivuko. Atapunguza gharama na hatabanwa na zile saa 18. Ratiba ya kivuko iulizwe siku ile ile, maana upepo nao una neno lake.

Kilindoni hadi Utende, ambako vituo vingi vya kupiga mbizi vipo, ni kama kilomita 15. Bajaji na bodaboda zipo. Utende ndipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa 1995. Kiingilio hulipwa kwa siku, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kisisahaulike. Kuhusu vituo vyenyewe, bei nyingi zilizoea kutajwa kwa dola. Kanuni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo kuuliza bei ya shilingi sio ushamba.

Bahari ina ratiba yake

Kwenye baadhi ya visiwa vya Karibi, kama Bonaire, mtu hukodi pikapu, hupakia mitungi na kuingia majini popote anapoona panafaa. Mafia haiendi hivyo. Hapa boti na maji kupwa na kujaa ndivyo vinavyopanga siku.

Ghuba ya Chole imezibwa na visiwa na miamba, na maji ya bahari kuu huingia kupitia mlango wa Kinasi. Wenyeji humzamisha mgeni pale maji yanapojaa: maji safi yanaingia, uoni ni mzuri, na mkondo unampeleka mtu ndani ya ghuba. Maji yakitoka, mkondo huo huo unampeleka bahari kuu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, mkondo una nguvu zaidi. Anayeanza achague wiki ya maji mafu.

Ndani ya ghuba kuna eneo linaloitwa Milimani, ambako matumbawe yamesimama kama vilele vya milima. Mtu wa Turiani atajisikia nyumbani. Kuna chewa wakubwa, kasa, taa, na samaki wa rangi zisizo na majina ya Kiswahili yanayojulikana bara. Matumbawe ya Mafia yaliumia sana joto la bahari lilipopanda mwaka 1998, na baadhi ya sehemu makovu yalibaki. Hayashikwi wala kukanyagwa.

Ghuba huzamika karibu mwaka mzima. Nje ya miamba ni mpaka kaskazi itulize bahari, kuanzia mwishoni mwa mwaka. Kusi ikivuma, boti hazitoki nje ya ghuba ovyo. Masika, Aprili na Mei, mvua na tope la Rufiji hupunguza uoni na baadhi ya hoteli hufunga. Oktoba hadi Machi ndio msimu wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayekula vijidudu vya maji karibu na Kilindoni. Huyo hahitaji mtungi, anatazamwa kwa miwani na mrija juu ya maji.

Anayeanza kabisa

Asiye na cheti anaweza kujaribu mbizi moja na mwalimu, mwisho mita 12. Cheti cha kwanza huchukua siku 3 au 4 na humruhusu kushuka hadi mita 18. Masomo ya nadharia siku hizi husomwa kwenye simu, hivyo yanaweza kumalizwa Turiani kabla ya safari na kuokoa siku ya kulala hotelini. Kunatakiwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Waliojifunzia mtoni wajipime mapema; kuvuka mto kwa kasi sio sawa na kuelea kwa utulivu.

Mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au matatizo ya masikio amwone daktari kabla ya kulipa. Mjamzito hazami. Mwenye mafua aahirishe, kwani masikio hayatafunguka.

Mafia haina chemba ya shinikizo ya kutibu mapovu. Kabla ya kulipa, msafiri aulize kituo maswali mawili: oksijeni ipo kwenye boti? Mgonjwa anapelekwa chemba gani, na nani anagharamia? Kituo kisichojibu moja kwa moja kiachwe.

Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa 24: maumivu ya viungo, uchovu usio wa kawaida, ganzi, kizunguzungu, vipele. Msafiri huenda ameshafika kwao. Na bara, mtu aliyetoka pwani akilalamika viungo na uchovu, kila mtu anasema malaria. Apime, sawa, lakini akifika Bwagala au hospitali yoyote, neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba alikuwa chini ya bahari. Dawa ya maumivu inaweza kuficha dalili bila kutibu kitu.

Kwa hiyo kwenye pochi kukae karatasi ndogo yenye tarehe, saa ya kutoka majini, kina na dakika za kila mbizi, pamoja na namba ya simu ya kituo cha Utende. Daktari atakayepiga simu kuomba ushauri ataulizwa hayo kabla ya mengine yote.