Kaburi Mbali na Nyayo

Katika nchi ya Tarime na jirani yake Serengeti, nchi mbili zinazotazamana kwa kutengwa na maji ya mto Mara, liko jambo ambalo mtafuta taarikhi hulikuta kila afikapo, na kila alikutapo humsikitisha upya: mahali ambapo askari wa polisi alianguka akiwa kazini aghalabu hapana alama yoyote, si jiwe, si msalaba, si mti uliopandwa kwa ajili yake, na pale lilipo kaburi lake, mwendo wa siku mbili au tatu kutoka hapo, kando ya shamba la mihogo huko Newala au chini ya migomba ya Bukoba, hapana mtu awezaye kueleza njia aliyopita usiku ule wa mwisho, wala jina la kilima alichokuwa akikipanda, wala ng'ombe waliokuwa mbele yake walikuwa wa nani. Waliomwona akifa hawakumzika, na waliomzika hawakumwona akifa. Nimekusudia kueleza namna jambo hili lilivyotokea, maana halikuja kwa sadfa.

Asili yake ni mpaka na ng'ombe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani, wakiwa Ulaya, waligawana nchi za Afrika Mashariki kwa mstari ulionyooshwa kwa rula kutoka pwani ya ziwa Nyanza hadi kuukaribia mlima Kilimanjaro, na mstari huo ukapita katikati ya Wakurya kama kisu kipitavyo katikati ya mkate, ukawaacha ndugu wa tumbo moja chini ya serikali mbili. Wajerumani wakajenga boma Shirati kando ya ziwa, na ngome Ikoma ndani ya mbuga, wakaweka askari. Lakini koo za Wakurya, Wairege na Wanyabasi, Watimbaru na Wakira, Warenchoka na Wanchari, Wanyamongo na wengineo, ziliendelea kuishi kwa kanuni zao, na katika kanuni hizo ng'ombe hakuwa mali tu, bali alikuwa mahari, fidia, heshima na dhamana ya ukoo. Kijana aliyekwenda kuteka ng'ombe wa ukoo wa kando alirudi na sifa. Na vita hivyo, pamoja na ukali wake wote, vilikuwa na mipaka iliyojulikana na wazee wa kuvisuluhisha.

Lililobadilika ni soko. Migodi ya dhahabu ilipofunguliwa pande za Mara katika miaka ya 1930, na miji ya Kenya ilipotaka nyama kwa wingi, ng'ombe aliyevushwa mpaka usiku aligeuka fedha kabla ya jua la adhuhuri, na aliyemvusha hakuhitaji tena kumfuga, wala kumtoa mahari, wala hata kumwona mara ya pili. Ndipo mchezo wa vijana ulipokuwa biashara, na biashara haina wazee wa kuisuluhisha.

Polisi wa Tanganyika walikwisha kuwapo wakati huo. Jeshi hilo lilianzishwa kwa tangazo la serikali la tarehe 25 Agosti 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto chini ya Meja S. T. Davis, kisha mwaka 1930 yakahamishiwa Dar es Salaam. Lakini katika nchi kama Mara Kaskazini, jina lililokuwa la Tarime zama hizo, polisi wa serikali walikuwa wachache mno, na kazi ya kila siku ilifanywa na watemi pamoja na matarishi wao. Na hapa pana jambo ambalo sharti lisemwe, kwa sababu wasiolijua huidhania nchi ya Wakurya kuwa ni nchi ya watoro wa sheria: kabila hilo hilo lililotoa wateka ng'ombe lilitoa askari kwa kadiri iliyopita idadi ya watu wake. Vijana wake walijiandikisha katika King's African Rifles, wakapigana Uhabeshi na Burma katika vita vya pili vya dunia, na baada ya uhuru wakajaa katika jeshi la wananchi, katika polisi na katika magereza. Nyumba moja iliweza kuwa na mwana aliyevaa kaki na mwana aliyevuka mpaka usiku, wakala katika chungu kimoja siku ya likizo, na mama yao akawaombea wote wawili.

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikaleta hali nyingine. Wanaume wengi wa Tarime walikwenda Uganda na kurudi, na baada yao bunduki za kivita zikawa zapatikana upande huu wa ziwa kwa namna isiyojulikana zamani. Hapo awali mfuata ng'ombe alihofia mshale wenye sumu, ambao huhitaji ukaribu na mkono uliotulia. Sasa alihofia risasi itokayo gizani, mbali asikoweza kuona.

Na tuieleze kazi yenyewe, kwa sababu ndani yake ndimo mauti yalimokaa. Zizi likivunjwa usiku, yowe hupigwa, na yowe hupokewa na mji wa pili, na wa tatu, hata milima yote ikaitikia. Wanaume hutoka na mikuki, pinde na tochi, hutafuta kwato ardhini, na wakizipata huzifuata pasipo kungoja mapambazuko, maana umande ukikauka na makundi mengine yakitoka malishoni nyayo hufutika. Kufuata nyayo ni elimu: kuna ajuaye kama ng'ombe walisukumwa mbio au walitembea, kama walikuwa kumi au thelathini, kama walilishwa njiani au la. Nyayo zikifika mpaka wa kijiji kingine, wenyeji wa kijiji hicho huitwa, huonyeshwa, na tangu hapo mzigo ni wao. Nao hufuata hata mpaka wao, wakazikabidhi mbele. Na kijiji kishindwacho kuonyesha nyayo zikitoka katika ardhi yake hudaiwa ng'ombe wenyewe. Sheria za wakoloni ziliukuta utaratibu huu na kuutumia, zikaongeza faini ya pamoja. Sungusungu, jeshi la jadi lililozuka Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na likaenea hata Mara, likaungana na mabaraza ya vijiji ambayo Wakurya huyaita iritongo, nalo liliufuata utaratibu huo huo, na mwaka 1989 Bunge likaupa ulinzi wa namna hiyo nguvu ya sheria.

Polisi huingia katikati ya safari hii. Habari hufika kituoni Sirari, au Nyamwaga, au Mugumu. Wanaopatikana usiku ule ni askari wanne au watano. Hupanda gari hata njia iishapo, kisha hushuka na kuungana na wanakijiji waliotangulia. Nao wezi, kama ni wengi, hujigawa: baadhi yao huwasukuma ng'ombe kuelekea mpakani au kuelekea vichaka vya hifadhi, na wengine hubaki nyuma, juu ya mwamba au katika kingo za mto, wakiwavizia wafuatao. Aliye mbele ndiye anayepigwa. Na aliye mbele aghalabu ni mmoja wa wawili: mwanakijiji ajuaye kusoma nyayo, au askari mwenye bunduki, ambaye watu wasio na silaha humtazamia awatangulie. Hakuna amri iandikwayo kuwa atangulie. Hutangulia kwa kuwa ameona haya kutembea nyuma ya mtu mwenye mkuki.

Sasa turudi kwenye lile kaburi lililo mbali. Serikali, tangu ukoloni hata baada ya uhuru, iliona vyema askari asifanye kazi muda mrefu kwao alikozaliwa, asije akafungwa mikono na udugu, na kwa nchi ya koo zenye kuhasimiana hekima ya jambo hilo ni dhahiri. Kwa hiyo Mkurya alipelekwa Lindi, na mtoto wa Lindi akaletwa Tarime. Akafika hajui lugha, hajui vilima, baridi ya asubuhi ikimshangaza. Akajifunza salamu, akapata marafiki sokoni, watoto wake wakasema Kikurya kabla yake. Siku aliyoanguka, mwili ulipelekwa hospitali ya wilaya, wenzake wakasimama kwa gwaride, rambirambi zikasomwa, kisha gari likaondoka na jeneza kuelekea kwa wazee wake. Mjane na watoto walifuata katika gari hilo hilo, na hawakuwa na sababu ya kurudi, kwani kota ilikuwa ya kazi na kazi ilikuwa imekwisha. Hivyo kwa siku moja Tarime ilimpoteza yeye na ikawapoteza wote ambao wangemkumbuka kwa jina. Wakabaki wale wafuata nyayo wenzake, nao humtaja kwa cheo au kwa kabila: yule konstebo, yule Mmakonde.

Mauti ya wakubwa hayapotei hivyo. Liberatus Barlow, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, alipopigwa risasi usiku wa manane katika mtaa wa Kitangiri, tarehe 13 Oktoba 2012, taifa zima lilipata habari kabla ya adhuhuri, na jina lake lingali linatajwa. Wala mauti ya wengi kwa mara moja hayapotei: askari wanane waliouawa Kibiti, mkoani Pwani, jioni ya tarehe 13 Aprili 2017, wakirudi katika lindo, waliagwa Dar es Salaam mbele ya wakuu wa nchi. Na ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro limesimama jiwe la Michael Grzimek, Mjerumani kijana aliyeanguka na ndege mwezi wa Januari 1959 akihesabu wanyama wa Serengeti; wageni husimamisha magari yao, hulisoma, na huondoka wakijua alikuwa nani na alikuwa akifanya nini. Simwonei wivu jiwe lake. Alistahili. Nasema tu kwamba ng'ambo ya mbuga hiyo hiyo, njia za ng'ombe zitokazo Mugumu na zipandazo kuelekea Tarime zina watu waliokufa wakiwalinda raia, na msafiri hupita juu yao pasipo kujua.

Wako watakaonijibu kwamba polisi nao wameliza watu katika nchi hiyo, na jibu hilo ni la haki. Tarehe 16 Mei 2011, katika mgodi wa dhahabu wa Mara Kaskazini, Nyamongo, watu watano waliuawa kwa risasi za polisi siku moja, na matanga yao hayajasahauliwa. Atakayeandika juu ya askari waliokufa Tarime akaificha siku hiyo, ataandika uongo, na wenyeji watakifunga kitabu chake katika ukurasa wa kwanza. Lakini mimi nimewasikia watu wa huko, katika mazungumzo ya jioni, wakiyataja mambo hayo mawili kwa pumzi moja na pasipo kuona kinzano, kwa maana kila moja kwao lina mahali pake, saa yake na watu wake. Hawawataji polisi kwa jumla. Humtaja yule aliyewafyatulia risasi, na humtaja yule aliyetangulia mbele mtoni, nao hujua wazi kwamba hawakuwa mtu mmoja.

Taifa lina siku yake ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, na askari polisi aliyekufa kazini hakatazwi kuingia katika dua za siku hiyo. Ila dua ya jumla haimfikishi mtu penye kilima. Kilichoweza kumfikisha ni kitu kidogo, nacho kipo: kitabu cha kumbukumbu za kila siku za kituo. Humo, kabla ya rambirambi zote na kabla ya gwaride, mkono wa askari mwenzake uliandika saa ya kutoka kituoni, majina ya waliotoka, bunduki walizochukua na idadi ya risasi, kijiji yowe lilikotoka, idadi ya ng'ombe. Na chini yake, kwa wino ule ule, saa ya kurudi, bunduki zilizorudishwa ghalani, risasi zilizosalia, majina ya waliorudi. Orodha ya pili ni fupi kuliko ya kwanza kwa jina moja. Wakati mwingine ni fupi kwa majina mawili, la pili likiwa la mwanakijiji aliyekuwa akisoma nyayo, na mwandishi wa zamu, ingawa hakulazimika kwa kuwa huyo hakuwa askari wala hakuchukua bunduki ya serikali, ameliandika nalo.