Unasoma Nini Siku Hizi? Funzo Kutoka kwa Marafiki wa Oxford



Wazazi na makatekista hutuuliza mara kwa mara: je, yafaa kijana Mkatoliki asome vitabu vya hadithi za ajabu, vile vyenye wachawi, majoka na watu wafupi waishio mashimoni, au vile vya sayansi ya kubuni visimuliavyo safari za kwenda sayari nyingine? Wapo wanaoogopa kwamba vitabu hivyo vitamtoa mtoto katika imani. Wapo wanaoona kuwa ni kupoteza muda tu. Vijana nao, wakijua jinsi wakubwa wanavyofikiri, husoma kimya kimya wala hawamwambii mtu wanachosoma. Juma hili tungependa kulitafakari swali hilo kwa kuitazama historia.

Tuanze na mtoto yatima. John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 huko Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, ambako baba yake alifanya kazi ya benki. Mama yake, Mabel, alirudi Uingereza pamoja naye na mdogo wake, na mwaka 1896 baba akafariki dunia kabla hajawafuata. Mwaka 1900 Mabel alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Uamuzi huo ulimgharimu, maana ndugu waliokuwa wakimsaidia walikasirika na msaada wa fedha ukakoma. Alipofariki kwa ugonjwa wa kisukari mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 34, aliwaacha wanawe wawili chini ya ulezi wa Padre Francis Morgan wa Oratori ya Birmingham. Nyumba hiyo ilianzishwa na John Henry Newman, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2019. Padre Morgan aliwalea watoto hao, akasimamia elimu yao, na urithi wao mdogo usipotosha aliongezea fedha zake mwenyewe. Asubuhi walitumikia Misa yake, kisha wakaenda shule.

Mtoto huyo alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1925. Mwaka uliofuata alikutana na mwalimu mwenzake, C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast, aliyelelewa katika familia ya Kiprotestanti na kuipoteza imani yake ujanani. Kilichowaunganisha wawili hawa hakikuwa mjadala wa dini. Walipenda hadithi za kale za Ulaya ya kaskazini, zile za miungu na mashujaa, na wakawa wanakutana na wenzao kuzisoma katika lugha ya Kiaislandi. Usiku wa tarehe 19 Septemba 1931 walitembea pamoja na rafiki yao Hugo Dyson katika njia ya miti iliyopo Chuo cha Magdalen, wakazungumza hadi usiku wa manane. Lewis wakati huo alikwisha kukubali kuwa Mungu yupo, lakini hakuelewa kifo na ufufuko wa Kristo vingemhusu kwa namna gani. Wenzake walimwonyesha kwamba hadithi za kale zilizomgusa moyo zilibeba vivuli vya ukweli, na kwamba katika Kristo hadithi ya namna hiyo ilitokea kweli, katika historia, mahali na wakati unaojulikana. Siku chache baadaye Lewis alimwamini Kristo. Alirudi katika Kanisa Anglikana, naye akawa mmoja wa watetezi wa imani ya Kikristo waliosomwa sana katika karne ya 20. Basi mtu huyu aliufikia mlango wa imani kwa kupitia hadithi za ajabu, akiwa mikononi mwa marafiki.

Katika miaka ya 1930 marafiki hao walianza kukutana Alhamisi jioni katika chumba cha Lewis, wakajiita Inklings. Miongoni mwao walikuwamo kaka yake Lewis, daktari Mkatoliki Robert Havard, na kuanzia mwaka 1939 mwandishi Charles Williams. Utaratibu ulikuwa mwepisi: chai ilipokwisha kunywewa, mwenye kitu alichoandika alikitoa na kukisoma kwa sauti, na wengine wakasema wanavyokiona, pasipo kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Siku moja Lewis na Tolkien walilalamika kwamba hadithi za aina waliyoipenda zilikuwa chache, wakakubaliana waziandike wenyewe. Lewis angeandika juu ya safari ya anga za juu, na Tolkien juu ya safari ya kurudi katika nyakati zilizopita. Lewis alimaliza yake, Out of the Silent Planet, iliyotoka mwaka 1938, nayo yahusu mtaalamu wa lugha anayechukuliwa hadi sayari ya Mirihi. Tolkien alikuwa amemwandikia mchapishaji wake barua ya kuitetea. Hadithi ya Tolkien mwenyewe haikumalizika.

Tolkien alikuwa na tabia hiyo ya kuanza na kutomaliza. Baada ya The Hobbit kutoka mwaka 1937, mchapishaji aliomba mwendelezo. Kazi hiyo, The Lord of the Rings, aliianza Desemba mwaka huohuo, akaimaliza mwaka 1949, na ikatoka katika mabuku matatu mwaka 1954 na 1955. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na vita, kazi ya kufundisha, na vipindi virefu vya kukwama. Mwaka 1944 Lewis alimhimiza aendelee, naye akawa akimsomea sura mpya pamoja na Williams. Sura hizo alizituma pia kwa posta hadi Afrika Kusini, kwa mwanawe Christopher aliyekuwa huko akifunzwa urubani wa kijeshi. Miaka mingi baadaye, Lewis akiwa amekwisha kufariki, Tolkien aliandika kwamba deni lake kwa rafiki huyo halilipiki. Alieleza kuwa hakupokea kwake mawazo ya kuandika, bali alitiwa moyo tu, na kwamba kwa muda mrefu Lewis ndiye aliyekuwa msikilizaji wake wa pekee. Bila msikilizaji huyo kitabu kisingemalizika.

Tusidhani kwamba watu hao walipatana katika kila jambo. Dyson alichoshwa na hadithi ya Tolkien, hata ikafika mahali haikusomwa tena akiwapo. Tolkien naye hakuvipenda vitabu vya Lewis juu ya nchi ya Narnia, vilivyoanza kutoka mwaka 1950, na urafiki wao ukapoa kiasi. Hata hivyo, kitabu cha Tolkien kilipotoka, Lewis alikuwa miongoni mwa waliokisifu magazetini.

Je, kitabu hicho kina nini cha kumfaa Mkristo? Mwaka 1953 Tolkien alimwandikia rafiki yake Mjesuiti, Robert Murray, kwamba ni kazi ya kidini na ya Kikatoliki katika msingi wake. Msomaji hatakuta humo kanisa wala padre. Lakini atakuta kwamba wasafiri wanaondoka kuiangamiza Pete ya uovu tarehe 25 Desemba, na Pete inaangamizwa tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kupashwa Habari ya kuzaliwa kwa Bwana. Atakuta pia kwamba wadogo na wasiohesabiwa ndio wanaobeba mzigo ulioshinda nguvu za wakubwa, na kwamba huruma aliyotendewa adui mnyonge ndiyo inayookoa mwishoni, pale nguvu za shujaa zinapokwisha.

Wala si Tolkien peke yake. Padre Robert Hugh Benson, mwana wa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Canterbury, alijiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1903, na mwaka 1907 akatoa Lord of the World, riwaya juu ya ulimwengu ujao uliomsahau Mungu. Januari 2015, akiwa ndegeni akirudi kutoka Ufilipino, Baba Mtakatifu Fransisko aliwashauri waandishi wa habari waisome. Katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, alieleza kwamba kwanza alikusudia kuwaandikia wanaoandaliwa kuwa mapadre, lakini akaona inawafaa Wakristo wote.

Maandiko Matakatifu yenyewe hayakuidharau njia hii. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu anasimama mlimani na kuwasimulia watu wa Shekemu jinsi miti ilivyokwenda kujitafutia mfalme. Miti inazungumza, na kila aliyesikia alielewa anasemwa nani. Waswahili nao wanaijua njia hiyo. Shaaban Robert, katika Kusadikika kilichotoka mwaka 1951, alibuni nchi inayoelea angani ili aseme juu ya haki na udhalimu wa duniani.

Hatusemi kwamba kila kitabu kinamfaa kila mtoto. Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya 4, aliwafundisha vijana waisome fasihi ya Wagiriki kama nyuki wafanyavyo, ambao hawatui juu ya kila ua, wala hawachukui kila kitu kutoka katika ua walilolichagua. Lakini kijana atajifunzaje kuchagua iwapo hana wa kumweleza anachosoma? Mzazi anayekataza asichokijua hamfundishi mtoto kupambanua, humfundisha kuficha. Anayeketi naye na kusikiliza ataambiwa mengi, na siku kitakapokuja kitabu kibaya kweli, neno lake litakuwa na uzito.

Basi, wapendwa, juma hili kila mmoja amwulize mtu wa nyumbani mwake: unasoma nini siku hizi? Aulize bila kuhukumu, asikilize hadi mwisho, kisha aseme na yeye anachosoma. Vitabu ni ghali, na nakala moja inaweza kuzunguka jumuiya nzima. Na katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tutafakari pamoja:

1. Ni hadithi gani ya kubuni iliyowahi kutusaidia kuuona wema au ubaya kwa uwazi zaidi?
2. Je, vijana wetu wanajisikia huru kutuambia wanachosoma? Kama sivyo, ni kwa nini?
3. Nani karibu nasi ameanza kazi njema na amekwama kwa kukosa wa kumsikiliza?

Padre Morgan, alipowapokea watoto wawili yatima, hakujua mmoja wao ataandika nini. Sisi nasi hatujui walio mikononi mwetu watakuwa nani.

Mungu awabariki nyote. Amina.