Padre Scheiner na Darubini ya Jua



Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na huko Rujewa, mkoani Mbeya, lilionekana kama pete ya moto. Sisi wa Musoma tulipata sehemu tu. Siku kama ile huzuka swali lile lile: mtu alitazameje jua bila kuharibu macho? Jibu mojawapo lililo bora alilitoa padre, yapata karne nne zilizopita.

Christoph Scheiner alikuwa Mjesuiti, mwalimu wa hisabati na Kiebrania huko Ingolstadt, Ujerumani. Mwaka 1611 alipanda mnara wa kanisa na darubini yake, akaona madoa meusi usoni pa jua. Wasomi wa wakati ule walishika fundisho la Aristotle kwamba vitu vya mbinguni havina waa. (Aristotle si Biblia, ingawa wengi walimtetea kana kwamba ndiyo.) Scheiner akajaribu kulinusuru jua: akaandika kuwa madoa yale ni nyota ndogo zinazolizunguka. Barua zake zilichapwa mwaka 1612 kwa jina la kubuni. Galileo akamjibu kwamba madoa yakaribiapo ukingo huonekana membamba na kwenda polepole, kama alama juu ya mpira unaozungushwa. Basi yamo juu ya jua lenyewe. Galileo alikuwa na haki.

Ugomvi wao ukawa mkali, kila mmoja akidai ndiye aliyetangulia kuyaona. Hata hivyo Scheiner hakuacha kazi. Alitengeneza darubini iliyofungwa katika mhimili ili ilifuate jua, na taswira yake ikaangukia karatasi nyeupe mahali penye giza, naye akayachora madoa siku baada ya siku. Katika kitabu chake Rosa Ursina, kilichochapwa Bracciano kati ya 1626 na 1630, alikubali kwamba madoa yamo juu ya jua, na akakokotoa kuwa jua hujizungusha kwa siku 27 hivi. Kulikana neno ulilokwisha kulichapa si jambo dogo, hasa likimpa haki mtu msiyepatana naye. Kuhusu dunia kulizunguka jua, lakini, hakukubali kamwe.

Mwaka 1908 George Ellery Hale, kwa darubini ya jua ya Mount Wilson, Marekani, aligundua kuwa madoa hayo yana nguvu kubwa ya sumaku. Ndiyo maana wataalamu huyachunguza hata leo: dhoruba zitokazo huko huvuruga satelaiti, redio na njia za umeme.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa huko Luxor, Misri; kwetu ni kipande kidogo tu. Makatekista na walimu, msiwaruhusu watoto kulitazama kwa picha za eksirei wala kwenye beseni la maji. Tobolea kadibodi kwa sindano, watoto walipe jua mgongo, na mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe.